Tupeane uzoefu: uliyehama kampuni ya bima ya gari au nyumba, ulipata nafuu au ulijichongea?

Kibanda cha Madale
Wakuu habari za jioni. Bima kubwa ya gari langu inaisha mwisho wa mwezi, na wakala ameshanitumia meseji nihuishe. Bei ya mwaka jana, thamani ya mwaka jana, utadhani gari linalala kwenye friji. Jirani yangu ana gari la toleo hilohilo, analipa pungufu yangu karibu laki mbili na nusu. Halafu kuna nyumba: benki iliyonipa mkopo inanikata bima ya moto kila mwaka na karatasi yake sijawahi kuiona. Nataka nizunguke kampuni kadhaa nilinganishe. Mliozunguka mlianzia wapi? Na siku ya kudai ilikuwaje? Tiririkeni.

Mzaramo Halisi
Bima kubwa ni ya waoga. Kata ndogo, 118,000 mwaka mzima, trafiki akikusimamisha stika inasoma, maisha yanaendelea.

Fundi Bodi Gerezani
Huyo hapo juu siku akijigonga mwenyewe kwenye nguzo atakuja kufuta. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, la kwako utalitengeneza kwa mshahara. Nawaona kila wiki wanakuja wananong'ona, "fundi, hakuna taa used?"

Mzaramo Halisi
Na wewe unaishi kwa hao hao, unalalamika nini.

Dada wa Broka
Kaka Kibanda, mimi nafanya kazi kwa broka, yaani dalali wa bima, nisomeni mkijua hilo. Gari binafsi bima kubwa inaanzia asilimia 3.5 ya thamani, halafu VAT asilimia 18. Gari la milioni 20 ni 700,000, weka VAT 126,000, unalipa 826,000. Hapo ushindani wa bei ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, maana TIRA, wasimamizi wa bima nchini, wameweka kiwango cha chini. Kwa hiyo jirani yako sio kwamba ana mjomba huko. Ama gari lake limeandikwa thamani ndogo, ama ana punguzo la kutodai, ama amekata ile ya kati, ya moto na wizi tu. Muulize vizuri.

Na wewe shusha hiyo thamani. Gari likiibiwa leo utalipwa bei ya soko ya leo, hata kama umelipia ya miaka mitatu nyuma. Anayekuhuishia bila kuliangalia gari anajihesabia kamisheni.

Mzaramo Halisi
Mawakala wameshafika. Biashara imeanza.

Dada wa Broka
Nimesema natoka wapi kabla ya kusema kitu. Shida iko wapi, baba?

Mama Wawili Kigamboni
Mmeongea magari, mimi hiyo ya benki na nyumba ndiyo imenitoa jikoni nije kuandika.

Moto wetu ulianzia chumba cha watoto, shoti ya umeme, mchana. Mimi nilikuwa mjini. Jirani ananipigia, maneno yake ya kwanza: "Mama, watoto wako shule, nimewapigia walimu, wapo. Sasa nisikilize." Nikajua. Nikafika Magogoni pantoni ndiyo inajaza, nikapanda, ikakaa. Wale mnaoijua pantoni mnajua, haina njia ya mkato na huwezi kumwambia nahodha nyumba yangu inaungua. Watu wanauziana korosho, mtu ananiuliza mbona unatetemeka una malaria? Upande wa pili nilipanda bodaboda bila kuuliza bei. Zimamoto wameshafika, paa la nyuma limeshuka, vyumba viwili na korido vimekwisha.

Nikajipa moyo, si kuna bima ya benki. Ndipo nikaanza kusoma karatasi ambayo kama mwenye mada sikuwahi kupewa. Kwanza, bima ilikuwa ya jengo peke yake. Vitanda, friji, makochi, nguo, vyeti vya watoto, hakuna hata kijiko. Pili, walikuwa wamekata kwa kiasi cha mkopo, milioni 90, wakati mthamini anasema kuijenga upya ni milioni 150. Hasara ikapigwa milioni 40. Nikasema 40 ni ndogo kuliko 90, nitalipwa yote. Hapana! Wanasema umekatia bima asilimia 60 ya nyumba, kwa hiyo kila hasara tunalipa asilimia 60. Ikawa milioni 24. Na hiyo 24 haikuja kwangu, ilipita benki kwanza kwa sababu wao ndio walioandikwa kulipwa wa kwanza. Benki ikakaa nayo, ikaitoa kwa mafungu kila fundi anapomaliza hatua. Tulilala kwa dada yangu Mbagala hadi watoto wakaanza kumwita mama.

Baada ya hapo nilizunguka kweli. Niliandika ukurasa mmoja, ukubwa wa nyumba, paa la bati, nondo madirishani, umbali wa kituo cha zimamoto, nikaupeleka uleule kila mahali ili wasinijibu vitu tofauti. Jengo nililipata kwa asilimia 0.2 ya gharama ya kujenga upya. Vitu vya ndani nikaviorodhesha na picha na risiti. Benki walikataa mwanzo, nikaomba wanikatalie kwa maandishi, hawakuandika. Wakakubali, mradi jina lao libaki kwenye bima.

Kinyozi Mwenge
Pole sana dada. Hiyo ya pantoni imeniumiza.

Chuma cha Pua
Pole mama. Ila nikupe somo kidogo: nyumba ya milioni 150 Kigamboni kiwanja peke yake si milioni 50? Ulitakiwa ukate 200.

Mama Wawili Kigamboni
Kiwanja hakiungui, mwanangu.

Dada wa Broka
Mama kamaliza. Unakatia gharama ya kujenga upya, pamoja na kuondoa kifusi. Bei ya kuuza ni habari nyingine kabisa.

Sipendi Utani
Mada imenigusa pabaya, na mimi niseme.

Nilikuwa nahamisha bima ya Harrier ya nyumbani. Imesajiliwa kwa jina langu ila anaitumia zaidi mume wangu. Kampuni mpya wakaniambia, dada, leta barua ya kampuni ya zamani kwamba hujawahi kudai, tukupe punguzo. Nikasema hiyo rahisi, gari halijawahi kuchubuka. Barua ikaja kwenye simu. Dai moja, limelipwa. Mahali: Bagamoyo. Muda: Jumapili, saa tisa usiku. Nikarudi juu kusoma namba ya gari. Ni letu.

Nikampigia dada wa kitengo cha madai, nikamwambia mmechanganya mafaili. Kwa kuwa mwenye bima ni mimi akanitumia fomu nzima. Dereva: jina la kike, leseni imeambatanishwa na picha yake akiwa ametulia kabisa. Chini kuna sahihi ya mwenye bima, imefanana na yangu kuliko ninavyosaini mwenyewe. Wikiendi hiyo mume wangu alikuwa "msibani Morogoro". Alirudi bampa la nyuma linang'aa, akasema amelipiga polishi kunifurahisha. Nilimshukuru na nikampikia.

Kinyozi Mwenge
😳😳 Navuta kiti.

Chuma cha Pua
Wakuu tusimamishe bima kwanza. Ikawaje?

Mzaramo Halisi
Ndio maana nasema kata ndogo. Haina fomu nyingi.

Fundi Bodi Gerezani
Bampa la nyuma la Harrier, rangi gani? Kuna kazi moja nilifanya usiku usiku, jamaa anataka kabla ya Jumatatu. Usijibu dada, nisije kuitwa shahidi.

Sipendi Utani
Nyeupe lulu.

Fundi Bodi Gerezani
Natoka kidogo.

Dada wa Broka
Jamani 😂. Dada pole. Kwa faida ya wengine: ile sahihi ni kughushi, na ungeweza kuikana kwa maandishi kampuni ya zamani. Na wanaohama, barua ya kutodai iombeni mapema kabla bima haijaisha, wengine wanaichelewesha makusudi ili uhuishe kwao.

Mwana wa Mlandege
Assalaam aleikum. Mie nilihama zamani, nimo kwenye takaful, bima ya Kiislamu. Unachangia mfuko pamoja na wenzio, kampuni inachukua ujira wake wa kuendesha, na mfuko ukibaki na ziada wanachama wana haki nayo. Hizo zenu nyingine zina riba na kubahatisha ndani yake.

Chuma cha Pua
Sheikh, gari likigongwa takaful wanakagua na wanakataa vilevile. Tofauti ni salamu tu mlangoni.

Mwana wa Mlandege
Kama hujui kitu si lazima uandike. Mie nimeeleza nilivyofanya, sijakwita.

Chuma cha Pua
Umeandika kwenye uzi wa wote, sio barazani kwako.

Mama Wawili Kigamboni
Wanangu, tafuteni mahali pengine pa kugombania. Alichouliza kijana bado hakijajibiwa.

Otieno wa Ruaka
Naingilia kutoka Nairobi. Huku kwetu kava ya gari ukiangalia asilimia pekee utapotea. Mimi nililinganisha nyongeza. Moja ni kinga ya eksesi, ile pesa ya kwanza unayolipa mwenyewe kabla kampuni haijaingia. Ya pili ni kinga ya vurugu za kisiasa na ugaidi, inauzwa kando. Kabla ya maandamano ya Mswada wa Fedha, yale ya tarehe 25 Juni 2024, nilikuwa naikataa kila mwaka nikisema ni kuniongezea bei. Binamu yangu gari lake lilichomwa na hakuwa nayo, alienda kudai akaonyeshwa mstari unaosema hawalipi. Pia ukivuka Namanga chukua kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mpaka, kava ya nyumbani isikudanganye.

Kinyozi Mwenge
Mkenya kaja na maneno ya kueleweka, leo mvua itanyesha.

Otieno wa Ruaka
Tumezoea kuwafunza bure, karibuni.

Mzaramo Halisi
Tulieni huko na kodi zenu.

Injinia wa Msasani Bondeni
Mvua mmeitaja wenyewe. Kwangu maji yaliingia gari likiwa limeegeshwa. Kampuni ya kwanza mafuriko yalikuwa nyongeza ya kulipia, na wakala hakuwahi kuitamka. Kampuni ya pili yamo ndani kwa bei karibu ileile. Hilo ndilo la kuuliza mnapozunguka, pamoja na vioo wanalipa hadi kiasi gani, na redio kama umefunga ya kwako uitaje. Maji yakishaingia msiwashe injini, vuteni. Ukiwasha ikanyonya maji, injini inakufa na mkaguzi ataandika umeiua wewe.

Bibi Harusi 2.0
Mimi nashauri msihame hovyo. Nimekaa na kampuni moja tangu naanza kazi, siku nimegongwa meneja alinijua kwa jina.

Mwalimu wa Makole
Na mimi nimekaa na moja tangu naanza kazi, siku nimegongwa waliniambia gereji yao ni hiyo moja tu na ina foleni. Hakuna aliyenijua jina wala ukoo.

Mpita Njia
Mlionunua bima kwa kijana wa mwavuli pale barabarani, ingizeni namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA MIS usiku huu. Stika inaweza kuwa nzuri kwa macho na kwenye mfumo haipo. Kuna mtu alijua baada ya kugonga.

Kibanda cha Madale
Nimefuatilia kidogo leo. Jirani kweli, gari lake limeandikwa milioni 14, langu bado 20. Kampuni mbili zimenipa bei, zimepishana kiduchu kama Dada wa Broka alivyosema, ila moja mafuriko yamo na gereji nachagua mwenyewe. Sasa swali langu la benki limemezwa na Bagamoyo. Ile bima ya nyumba karatasi naipataje?

Mama Wawili Kigamboni
Andika barua ya kuomba nakala ya bima kamili, sio ile stakabadhi ya ukurasa mmoja. Wagongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukiipata angalia vitu vitatu: wamekatia kiasi gani, vitu vya ndani vimo au havimo, na wizi wanataka ushahidi gani. Kwangu wanataka kufuli limevunjwa au nondo zimekatwa. Mwizi akiingia kwa ufunguo wa dada wa kazi, hulipwi.

Mwalimu wa Makole
Wakikukalia kimya kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi yake imewekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Mimi kuwataja tu kwenye barua kulifufua faili langu.

Mzaramo Halisi
Dada wa Broka, naomba kukuuliza kitu pembeni. Sio kwamba nahama, nauliza tu hiyo ya moto na wizi inakuwaje kwa IST.

Dada wa Broka
Karibu, baba. Njoo inbox na kadi ya gari.

Chuma cha Pua
😂😂😂 Mwoga mpya huyo. Na Fundi Bodi yuko wapi? Sipendi Utani, hebu mtajie tena ile rangi.