Tupeane uzoefu: umefanyia mji kazi miaka na miaka, bado wewe ni kibarua

Mtoto wa Muyeye
Asalam aleikum, ndugu zangu. Mamangu amefagia mji huu wa Malindi miaka 11. Adhana ya alfajiri ikimkuta nyumbani, hiyo siku amechelewa. Mwaka huu mwezi wa tatu msimamizi akamwambia asirudi, orodha imepunguzwa. Barua ya kuachishwa hakupewa, kwa kuwa hata ya kuajiriwa hakuwahi kuiona. Wazee wanasema jina kibarua lilitokana na kile kijibarua cha siku alichopewa mtu wa kazi, kikitiwa alama kila akimaliza zamu. Mamangu hata hicho hakukipata. Naomba waliopitia haya watueleze walifanyaje. Ofisi tusizitaje, tuelezane yaliyotokea.

Wa Langoni
Pole sana, kaka, na mpe mama pole zangu. Mimi ni wa Lamu. Huku magari hayaingii vichochoroni, taka tunazitoa kwa mkokoteni na punda, na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, usipofagiwa siku mbili haupitiki. Nilikuwa kibarua miaka 7. Muda wote huo nikiamini kwamba nikivumilia na nikiwa na adabu, siku moja nitaitwa nipewe barua. Sikuitwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba nafasi ya kudumu haitolewi na msimamizi wala na meneja wa manispaa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeipa kazi hiyo Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, nayo lazima itangaze nafasi, watu waombe. Kwa hivyo nilisimama foleni moja na vijana waliomaliza shule juzi, na miaka yangu 7 haikuwa na karatasi. Kilichonisaidia ni daftari. Marehemu baba alinizoeza kuandika kila siku niliyofanya kazi na nilicholipwa. Nililiweka mezani, wakalipitia ukurasa kwa ukurasa. Nilipata, alhamdulillahi, lakini wenzangu wanne niliosukuma nao mkokoteni walikosa, na mmoja wao alikuwa hodari kunishinda.

Pweza Mkavu
Mimi nilichoka mwaka wa pili nikarudi baharini. Sina la kuongeza ila hili: kuumia. Nilikatwa na chupa jaani, nikajitibu kwa pesa yangu, na siku nilizolala nyumbani sikulipwa.

Bibi wa Barani
Wanangu, nimesoma tangu jana na usingizi umenikataa. Mimi nilikuwa karani, nimestaafu nilipofika miaka 60. Nilianza enzi za mabaraza ya miji, kabla hayajavunjwa 2013 tukahamia kaunti. Rejista ya vibarua ilikuwa mkononi mwangu.

Nitawaambia ilivyokuwa pale nilipofanya mimi. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Mabosi wetu wakiiogopa hiyo hesabu, basi wafagiaji hawakuandikwa kwenye mishahara, waliwekwa kwenye fungu la matumizi pamoja na mafagio na mafuta ya trekta. Na kila ikifika tarehe 26 naambiwa nikate majina, watu wapumzishwe siku nne tano, kisha waanze upya mwezi mpya, ili asiwepo wa kusema amefanya mwezi mzima mfululizo. Nami nilikata. Kalamu ilikuwa yangu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, ina milango miwili. Mmoja ni huo wa mwezi mfululizo, ndio tuliokuwa tukiufunga kwa zile siku nne. Wa pili ni wa kazi ambayo kwa hali yake haiwezi kwisha ndani ya jumla ya miezi 3. Niambieni, kufagia mji kutakwisha lini? Mtu wa kazi kama hiyo sheria inamhesabu mfanyakazi wa mwezi: apewe notisi, apewe likizo. Nilikisoma kifungu hicho nikiwa bado kazini, nikanyamaza.

Dada wa Watamu
Bibi, ahsante kwa kusema. Mwanangu wa Muyeye, usikimbilie kortini kama sisi. Tulikuwa sita, tukachanga pesa ya wakili, tukaenda Mahakama ya Ajira. Jaji akasema tumeruka hatua: uamuzi wa ajira ya kaunti hukatiwa rufaa kwanza kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kifungu cha 77 cha hiyo sheria ya kaunti. Rufaa ni ya maandishi, ndani ya siku 90, na ukichelewa kwa sababu nzito Tume inaweza kukusikiliza. Tulipoteza mwaka na pesa za watu. Mama alikuwa akilipwa vipi?

Mtoto wa Muyeye
Kwa M-Pesa, na laini ni ile ile. Kesho nampeleka achukue taarifa ya miaka yote. Mwenyewe anasema hataki ugomvi na mtu, anataka tu ijulikane kwamba alikuwapo.

Bibi wa Barani
Mamako alikuwa akifagia upande gani?

Mtoto wa Muyeye
Soko la zamani, kushuka hadi ufuoni.

Bibi wa Barani
Basi jina lake nimelikata mimi, mwezi baada ya mwezi. Mwambie Jumatatu nitakuja nyumbani kumwomba radhi, na tukitoka hapo twende kwa wakili niapishwe, niandike miezi yote ninayoikumbuka.