Naomba ushauri: chanjo ya mkanda wa jeshi kwa aliyepandikizwa figo

Habari wakuu, niko Moshi. Mama ana miaka 58, alipandikizwa figo mwaka juzi na anameza takrolimasi na prednisoloni (dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo) kila siku. Juzi jirani kaugua mkanda wa jeshi, malengelenge ubavuni hata kanga haigusi, tangu hapo mama halali kwa hofu.

Ninavyoelewa, chanjo ya virusi hai haimfai mtu wa dawa za kushusha kinga. Inayomfaa yeye ni Shingrix, isiyo na virusi hai, dozi mbili. Kuna aliyeipata huku au Arusha, au mpaka Nairobi? Bei je? Kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya figo) ilicheza baada ya sindano? Kliniki ni wiki ijayo, nataka niende kwa daktari na maswali ya maana. (Wauza mizizi mnipite, tafadhali.)