Uzi wa malalamiko: Eti dizeli ni dizeli, na mimi nitajuaje tofauti!

MwanaWaNakuru ameandika:

Ndugu wanajukwaa, jina lake silitaji kwa sababu hakuna asiyemjua: ni yule bwana mwenye meza karibu na mlango katika kila maonyesho ya treni ndogo hapa Uingereza, ambaye karibu kila mmoja wetu amewahi kumwachia fedha zake akaondoka na dikoda ndogo, kile kipande cha elektroniki kinachoendesha kichwa cha treni na kutoa sauti zake, na ahadi kubwa. Leo adhuhuri, mbele ya foleni nzima, bwana huyo amenitazama usoni akaniambia, "Mzee wangu, dizeli ni dizeli; wewe utajuaje tofauti?" Ameyasema kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani, ili yanichome vizuri, na ameyasema kwa sauti ambayo sina shaka imesikika mpaka Kisumu.

Nilichotaka hakikuwa muujiza. Nilimpelekea kichwa changu cha treni cha Class 37, aina ya dizeli ya Uingereza, cha kipimo cha 1:76, chenye soketi ya pini 21 na nafasi ya spika iliyoachwa tangu kiwandani, nikamweleza kwamba nataka dikoda iliyopakiwa sauti ya English Electric 12CSVT, ile injini ya silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, yenye nguvu farasi 1,750. Vichwa halisi vya aina hiyo vilijengwa 309 kati ya mwaka 1960 na 1965, baadhi yake vinafanya kazi mpaka leo, na rekodi za mlio wake zimejaa kila mahali. Anayekosa sauti ya Class 37 katika nchi hii, basi hata chai ataikosa.

Alikichukua, akakifungua, akachomeka dikoda, akakiweka juu ya kipande cha reli ya majaribio palepale mezani. Nikabonyeza F1, kitufe cha kuwasha sauti ya injini. Injini ya Class 37 inapowashwa hukohoa kwanza, husitasita, kisha hutulia katika mdundo ulio wazi na wenye mwanya, ambao umewafanya Waingereza wakipachike kichwa hicho jina la trekta. Ukiiongezea mafuta, mlio wa tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa, huchelewa kidogo, halafu hupanda juu ya mngurumo na kukaa hapo. Mimi nilisikia nini? Nilisikia mngurumo mzito, uliozibwa, wa Sulzer 12LDA28, injini ya Class 47! Hiyo nayo ina silinda 12, lakini zimesimama katika safu mbili sambamba za sita sita, kila safu na krenki yake, na haiwezi kutoa mdundo wa English Electric hata ukiisihi kwa machozi. Mbuzi aliyezoea kulala kando ya reli kule Nakuru angeinuka na kuondoka kwa kuchukizwa. Nikamwambia kwa upole, "Bwana, hii ni Sulzer." Hapo ndipo alipocheka na kunijibu maneno yale.

Mimi nitajuaje tofauti! East African Railways ilikuwa na dizeli za English Electric zenye injini ya silinda 12 ya ukoo huohuo, na mimi nimelala, nimeamka na nimesomea mitihani huku zikinguruma nyuma ya nyumba ya baba yangu. Ndiyo sababu nilipofika huku nilinunua Class 37 wala sikununua kingine. Halafu mtu aliyetandika kitambaa juu ya meza ananiuliza nitajuaje tofauti, na foleni inacheka, na kijana mmoja nyuma yangu anayarudia maneno hayohayo kwa mwenzake kama kibwagizo cha taarabu!

Na asije mtu hapa kuniambia nikarekebishe mwenyewe nyumbani. Kwa namba za CV, yaani mipangilio ya dikoda, ninaweza kupunguza sauti, kubadili anwani, au kuchelewesha mwendo, lakini injini iliyorekodiwa na kupakiwa katika kumbukumbu ya dikoda haibadiliki kwa CV. Kuipakia upya kunahitaji kifaa cha mtengenezaji, kwa mfano LokProgrammer kwa dikoda za kampuni ya ESU, na kifaa hicho anacho yeye. Nilipomwomba akitumie, alirudia: dizeli ni dizeli. Mara ya pili! Mbele ya watu!

Kipenga ameandika:

Pole sana, mzee wetu. Mimi aliniambia "mvuke ni mvuke" na nikanyamaza, jambo ambalo linaniuma mpaka sasa. Kichwa changu ni A4, ndugu moja na Mallard ile iliyofikia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938. Kichwa hicho kina silinda tatu, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara moja unapaswa kusikia mapigo sita ya mvuke. Yeye alinipakia sauti ya kichwa cha silinda mbili, mapigo manne, na hata hayo manne hakuyalinganisha na mwendo wa magurudumu, kiasi kwamba treni inaingia stesheni imetulia kabisa huku sauti yake bado inakimbia kwenda Edinburgh.

PiniNane ameandika:

Mzee MwanaWaNakuru, kwa heshima zote, hasira yako inanguruma kuliko Class 37 yenyewe. Unamfahamu mtu huyo, sisi sote tunamfahamu, uzi wa kumlalamikia haujawahi kupoa katika jukwaa hili, na bado ulikwenda na pauni zako zaidi ya mia moja ukampa kichwa chako akifungue. Wapakiaji wa sauti wanaojiheshimu huweka sampuli ili msikilize kabla ya kununua. Masikio yaliyosomea mitihani pamoja na English Electric yalishindwaje kusikiliza sampuli ya dakika moja?

MwanaWaNakuru ameandika:

PiniNane, mdogo wangu, sampuli niliisikiliza, na ilikuwa ya Class 37 safi kabisa. Kilichoingia ndani ya kichwa changu ndicho kilikuwa kingine. Wala usinihamishe kwenye jambo lenyewe. Pauni zinatafutwa na kupatikana. Mimi ninazungumzia kuambiwa, mbele ya foleni, kwa lugha niliyonyonya, kwamba sitajua tofauti. Angesema dikoda zimechanganyika kwenye kasha, ningemngoja hata hadi jioni. Yeye alichagua kunicheka.

BintiStesheni ameandika:

Shikamoo mzee. Nakuonea huruma, lakini wewe angalau umesikia kitu. Mimi bwana huyohuyo alinifungia spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye LokSound, dikoda ya sauti ya ESU, ya zamani, toleo la 3.5, ambalo lilitengenezwa kwa spika za omu 100. Toleo la 4 ndilo lililokuja na uwezo wa kubeba omu 4 hadi 8, na la 5 hubeba kuanzia omu 4 hadi 32, na maelezo hayo yamechapishwa katika vitabu vya mtengenezaji ambavyo mtoto wa darasa la tano anaweza kuvisoma. Amplifaya iliungua kabla kichwa hakijamaliza mzunguko mmoja wa meza. Nilipomrudishia, alikinusa, akasema, "Dada, harufu hii ni ya mafuta ya gia."

Na spika yenyewe hakuitia ndani ya kisanduku! Aliibandika kwa gundi, nyuma wazi. Kila mtu anayejua kazi hii anajua kwamba mawimbi yanayotoka nyuma ya spika yakikutana na yanayotoka mbele hufutana, na unabaki na mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Kisanduku kidogo cha plastiki kilichozibwa vizuri kingetosha kabisa.

Deltiki ameandika:

Dada BintiStesheni, spika ni jambo dogo. Dhuluma kubwa kuliko zote katika biashara hii ni kuuziwa dikoda ya sauti bila kapasita ya kuhifadhi umeme. Kichwa changu cha Class 55, ambacho katika uhalisia kilibeba injini mbili za Napier Deltic zenye jumla ya nguvu farasi 3,300, hukatika umeme kila kinapopita mahali reli zinapogawanyika, kisha sauti huanza upya tangu mwanzo: kinawashwa, kinakohoa, kinaunguruma. Ukiwa na stesheni yenye njia nyingi kama yangu, unasikia injini ikiwashwa mpaka wageni wanauliza kama imeharibika. Kapasita moja tu, dada yangu, ingemaliza yote.

BintiStesheni ameandika:

Kaka Deltiki, jambo dogo kwako wewe mwenye kichwa kirefu cha 1:76 unayeweza kuficha kapasita nyuma ya injini. Mimi nina vichwa vya 1:148 pia, vyenye soketi ya Next18, na humo ndani ukiweka spika hakuna nafasi ya kapasita, na ukiweka kapasita hakuna nafasi ya spika. Safisha magurudumu yako na reli zako kwanza, ndipo ulie kapasita. Spika ndiyo kinywa cha dikoda. Bila spika nzuri, hata hiyo Deltic yako yenye injini mbili itanong'ona.

MwanaWaNakuru ameandika:

Jamani, ninawaomba turudi kwenye uzi. Nimeambiwa sitajua tofauti kati ya English Electric na Sulzer.

MzeeWaMinneapolis ameandika:

Tumekusikia, ndugu yangu, lakini usidhani ni Uingereza peke yake. Huku Marekani nimeuziwa kichwa cha dizeli cha SD40-2 kilichopakiwa sauti ya kichwa kingine, GP38-2, na ubishi wake ni mbaya zaidi kwa sababu muuzaji ana nusu ya ukweli wa kujificha nyuma yake: zote mbili zina injini ya EMD 645 yenye silinda 16. Lakini ya SD40-2, iliyoingia kazini mwaka 1972, ina tabo na nguvu farasi 3,000, na ule mluzi wake mwembamba unaopanda ndio roho ya kichwa hicho. Ya GP38-2 haina tabo, inapulizwa hewa kwa kipulizio cha Roots, inatoa nguvu farasi 2,000, na mlio wake ni wa chini na wa kukata kata. Nimemwandikia muuzaji barua pepe ndefu yenye rekodi za zote mbili. Amejibu kwa neno moja la kunishukuru.

PiniNane ameandika:

Mzee, kabla ya barua pepe ya pili, soma CV8, namba inayomtaja mtengenezaji wa dikoda. Ikikupa 151 hiyo ni ESU, ikikupa 145 hiyo ni Zimo, na hapo utajua umtafute nani mwenye kifaa cha kukupakia sauti sahihi bila kumwona tena muuzaji wako. Mzee MwanaWaNakuru naye afanye vivyo hivyo.

MwanaWaNakuru ameandika:

Nimeisoma. Ni 151. Na bado alisema nitajuaje tofauti!

Kipenga ameandika:

Kwa kuwa tumefika kwenye CV, naomba msaada: A4 yangu inapiga kelele mpaka jirani amegonga ukuta. Nipunguze wapi?

Deltiki ameandika:

Kwa ESU ni CV63, kwa Zimo ni CV266. Shuka polepole, usikurupuke hadi sifuri. Dada BintiStesheni, nimekuta kabatini spika za omu 100 ambazo sizihitaji tena. Ukitaka nitakutumia kwa posta.

BintiStesheni ameandika:

Kaka, amplifaya imeungua. Spika nitaifunga kwenye nini?

Deltiki ameandika:

Basi nunua toleo la 5, na safari hii weka na kapasita.

BintiStesheni ameandika:

Nimesema hakuna nafasi!