Re: Mkaguzi wa kawaida kamaliza. Nimwite nani mwingine?

Baba Mapacha aliandika:

Wanajumuiya, salaam. Ofa yetu ya kununua nyumba imekubaliwa. Nyumba ni ya 1956, ina besimenti (chumba cha chini ya ardhi) na dohani ya matofali. Mkaguzi kaja jana, katuachia ripoti ndefu yenye picha tele, na karibu kila ukurasa kaandika "mwite mtaalamu". Ajenti anasema hiyo ni lugha ya kujikinga tu. Siku za ukaguzi kwenye mkataba zinayoyoma, na tukiwaita wataalamu wote hatubaki na hela ya kuhamia. Nianze na nani?

Fundi Bomba aliandika:

Hongera kaka. Ajenti wako kasema nusu ya ukweli. Mkaguzi wa kawaida anaangalia kinachoonekana: hafukui, habomoi ukuta, haingizi kitu ndani ya bomba. Kwa hiyo soma sababu aliyoiandika. Kama kuna kitu kakiona kwa macho yake, fuatilia. Kama ni sentensi anayoibandika kwenye kila ripoti, achana nayo.

Kwa nyumba ya umri huo mimi ningeanza na kamera ya bomba la majitaka. (Sijipigii debe, kwenu ni mbali, siji.) Sehemu nyingi hapa Marekani bomba linalotoka nyumbani hadi bomba kuu la mtaani ni mzigo wa mwenye nyumba, na bima ya kawaida hailipi bomba lililochakaa. Enzi hizo walilaza mabomba ya udongo wa kuchoma, au yale yanayoitwa Orangeburg, ambayo ni karatasi iliyoshindiliwa na lami. Haya ya pili hubonyea taratibu mpaka yanakuwa bapa.

Uwepo wakati kamera inaingia. Mwambie afungulie maji kwanza, hasa kama nyumba imekaa tupu, maana bomba kavu linadanganya. Bomba la udongo lina maungio kila baada ya futi chache, na hapo ndipo mizizi ya miti inapopenya. Utaiona ikining'inia kama nywele, karatasi ya chooni imenasa. Mizizi inakatwa kwa mashine, lakini inarudi. Kibaya zaidi ni pale kamera inapozama majini, ikaenda kidogo ndipo ikaibuka: bomba limefanya tumbo. Hilo halisafishiki, linafukuliwa. Mwishoni dai video yenyewe, yenye namba za futi pembeni. Kikaratasi cha "bomba liko sawa" hakikusaidii kitu mbele ya muuzaji.

Mama Wawili aliandika:

Nakubaliana na Fundi kwa yote ila mpangilio. Radoni kwanza, kwa sababu inakula saa. Kipimo cha muda mfupi kinahitaji saa 48 angalau, milango na madirisha yakiwa yamefungwa tangu masaa 12 kabla ya kipimo kuanza. Usipoweka kifaa leo, siku zitaisha ukisubiri majibu.

Kwa wasioijua: ni gesi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na inajikusanya zaidi vyumba vya chini. Kwa hapa Marekani ndiyo sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Majibu yakifika pikokuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa, shirika la mazingira, EPA, linashauri nyumba irekebishwe. Msiseme jirani alipima akakuta iko chini. Nyumba mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana kabisa. Ila yakiwa juu msikimbie nyumba: linapitishwa bomba kwenye sakafu ya zege, feni inavuta hewa ya chini na kuitoa juu ya paa, basi.

Halafu una watoto wadogo, na nyumba ni ya kabla ya 1978. Sheria inamtaka muuzaji aseme anachokijua kuhusu rangi yenye risasi (ile metali yenye sumu) na akupe siku 10 za kupima, isipokuwa mmekubaliana vingine. Halazimiki kupima yeye, kwa hiyo "sijui chochote" ni jibu halali kwake. Angalia madirisha ya zamani ya kusukuma juu na chini, yanaposagana ndipo vumbi linapotoka.

Baba Mapacha aliandika:

Asanteni sana. Radoni nimeshapiga simu. Na dohani je? Kuna na ufa kwenye ukuta wa besimenti.

Mzee wa Jumuiya aliandika:

Mwanangu, dohani inategemea kama utawasha moto. Kama utawasha, mtafute fundi wa dohani mwenye kamera. Kiwango cha NFPA 211, cha shirika la Marekani la kuzuia moto, kinataka ukaguzi wa daraja la pili nyumba inapouzwa, na kumulika tochi kutoka chini si huo. Kama huwashi, isubiri.

Ufa usikupe presha kabla hujautazama vizuri. Ulio wima, mwembamba, mara nyingi ni zege kusinyaa. Uliolala, kwenye ukuta wa matofali ya bloku, na ukuta umetuna kwa ndani, hapo udongo unausukuma. Huo mpelekee mhandisi wa majengo anayelipwa kwa kutoa maoni tu. Kampuni ya kutengeneza misingi inakuja bure, na sijawahi kuiona ikiondoka bila kukuta kazi.

Wengine mnaosoma na mnanunua nje ya mji: tangi la majitaka linyonywe ndipo likaguliwe, na maji ya kisima yapimwe bakteria na naitreti. Naitreti ni hatari kwa mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya kopo.

Na ombi la punguzo lifike kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Binafsi napendelea punguzo kuliko muuzaji kutengeneza. Mtu anayehama atatafuta fundi wa bei ya chini kabisa.

Baba Mapacha aliandika:

Shikamoo Mzee, nimekuelewa. Ufa umelala. Mhandisi anakuja Alhamisi, kamera ya bomba mchana huohuo, na ajenti nimemwambia aombe siku tatu za nyongeza. Dohani tutaiacha.