Ushauri: picha ya mto imebaki na pikseli moja katika kila kumi, nifanyeje?

Mwanafunzi_Ngara
Hamjambo wenzangu. Mradi wangu wa chuo ni kamera iliyofungwa kando ya Mto Nairobi, ambayo hutuma takriban asilimia 10 tu ya pikseli zake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ili bando lisiishe mapema. Picha ni ya 512 kwa 512, kwa hiyo kati ya pikseli 262,144 napokea kama 26,000, pamoja na mahali pa kila moja. Nikijaza mapengo kwa kunakili pikseli iliyo karibu zaidi, picha inatoka vipandevipande, na mistari ya ubao wa kupimia kina cha maji haisomeki. Nitumie njia gani?

Fundi_Hesabu
Ndugu, anza na pembetatu za Delaunay. Nukta ulizonazo huunganishwa ziwe pembetatu, kisha kila pikseli iliyokosekana hukadiriwa kutokana na ncha tatu za pembetatu iliyomo. Katika SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, kazi hiyo hufanywa na amri ya griddata. Pikseli za pembezoni zilizo nje ya pembetatu zote zitarudi bila thamani, na hizo ndizo za kujazia kwa jirani wa karibu. Maji na anga vitatoka vizuri, ila kingo zitabaki na meno kama msumeno.

Mama_Takwimu
Pa kuanzia ni hapo, lakini kwa ajili ya kingo tafuta, miongoni mwa picha zote zinazoafikiana na nukta zako, ile ambayo jumla ya mabadiliko yake kutoka pikseli hadi pikseli ni ndogo kabisa. Watafiti Rudin, Osher na Fatemi walilitumia wazo hilo mwaka 1992 kuondoa chengachenga, nalo linafaa hata kwa mapengo. Mtawanyiko wako ni neema: setilaiti ya kupiga picha za dunia, Landsat 7, kifaa chake cha kusahihisha mistari kilipoharibika Mei 2003, ilipoteza kama asilimia 22 tu ya kila picha, lakini kwa michirizi inayopanuka kuelekea kando, na katikati ya mchirizi mpana hakuna jirani wa kuulizwa.

Mwanafunzi_Ngara
Asante, mama. Picha kamili sina; nitajuaje kwamba matokeo yanaaminika?

Mama_Takwimu
Ficha sehemu ya pikseli ulizopokea, rejesha picha kwa zilizobaki, kisha linganisha ulichokadiria na ulichoficha. Hata hivyo, mistari ya ubao haitaokolewa na jaribio hilo. Kwa asilimia 10, nukta zako zimeachana kwa wastani wa pikseli 3 hivi, kwa hiyo mstari wenye unene wa pikseli moja hupita katikati yake bila kuonekana vya kutosha, na programu itakayokuonyesha tarakimu safi hapo huenda imezibuni. Kwa kuwa ubao hauhami, iagize kamera itume pikseli zote za eneo lake, nawe upunguze zile za anga.