Kumpiga mnyama kutoka mita 800: uwindaji au maonyesho?

Mkulima wa Njoro:
Wakuu, habari za jioni. Shemeji yangu anayeishi Montana, Marekani, amenitumia video. Jamaa wawili wamelala kifudifudi juu ya kilima, bunduki imesimamishwa kwa miguu yake miwili, darubini juu. Ng'ambo ya bonde, mita 800 hivi, yuko elki dume. Kwa msiomjua, ni jamii ya kulungu wa kule, kilo 300 na zaidi. Bunduki ni 6.5 Creedmoor, risasi nyembamba iliyotoka 2007, na iliundwa kwa mashindano ya shabaha za mbali. Risasi ya kwanza inampata tumboni. Mnyama anajikunja, anapiga hatua chache, anasimama akitazama upande mwingine kabisa maana hajui balaa limetoka wapi. Ya pili inapita. Ya tatu inamlaza. Hapo wanapongezana kwa vicheko. Sheria yao inaruhusu, sawa. Je, ni haki? Na kama si haki, kosa ni umbali au ni wembamba wa risasi?

Fundi Darubini:
Mzee, umetazama video moja ukahukumu mchezo mzima. Mimi ni mlenga shabaha, nina leseni, najua ninachosema. Mtu aliyefanya mazoezi ana kipima umbali cha leza, anajua upepo, anajua mwinuko. Huyo mita 800 ni salama kuliko mwindaji wa kichakani anayetetemeka mita 60. Umbali hauna kosa, kosa ni la mkono mbovu. Halafu mnaolia hapa, Jumamosi mko kwenye nyama choma na hakuna anayeuliza mbuzi alikufaje.

Cheptoo wa Kapsabet:
Mbuzi wangu najua alikufaje kwa sababu miguu nilishika mimi. Usinilinganishe na mtu aliyelala juu ya mlima akitafuna karanga huku mnyama anateseka ng'ambo. Wazee wetu Wanandi walimzunguka simba kwa ngao na mkuki. Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipokuja 1909 aliwaona kwa macho yake kule Sergoi, na bunduki zake zote zilinyamaza siku hiyo. Wakati huo mwanamume alikuwa mwanamume.

Binti wa Milimani:
"Mwanamume alikuwa mwanamume." Haya, tumefika. Mada ilikuwa mnyama, sasa ni vidume. Simba aliyechomwa mikuki kumi alikufa kwa raha kuliko huyo elki? Alikwambia?

Cheptoo wa Kapsabet:
Dada, simba alikuwa na nafasi ya kumrarua mtu, na wengine aliwararua. Hiyo ndiyo tofauti. Soma kabla ya kujibu.

Binti wa Milimani:
Nimesoma. Nafasi ya kumrarua mtu haimpunguzii mnyama maumivu hata chembe. Inakupunguzia wewe aibu.

Fundi Darubini:
Karanga zimetoka wapi? Mimi nikiwa nyuma ya bunduki hata maji sinywi. Watu wanaandika tu.

Mwalimu wa Kakamega:
Turudi kwenye hesabu kidogo. Hiyo 6.5 ya punje 140, yaani uzito wa gramu 9 hivi, inatoka mtutuni kwa futi kama 2,700 kwa sekunde. Risasi nyingi za kuwindia zimeundwa zifunguke ndani ya nyama, na nyingi zinahitaji futi 1,800 hivi ili zifunguke vizuri. Ikifika mita 800 imeshuka chini ya hapo. Basi inatoboa tundu dogo na kutokea upande wa pili, na mnyama anatembea nalo. La pili: inakaa hewani zaidi ya sekunde moja. Mlenga shabaha hodari kabisa, mkono kama jiwe, akishabonyeza hana usemi tena. Elki akipiga hatua moja, ulicholenga kikiwa kifua kimeshakuwa tumbo. Kibao cha mazoezi hakipigi hatua, Fundi.

Lakini wembamba peke yake si dhambi. Walter Bell, yule Mskoti waliyemwita Karamojo, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi kwa .275 Rigby, ambayo ni milimita 7 tu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelalia wapi. Ila alisogea karibu, na alitumia risasi ngumu isiyofunguka. Ukimpa mtu kaliba ileile, yaani unene uleule wa risasi, akae kilima cha pili, ni habari nyingine.

Mwana wa Mumias:
Na misafara ya Bell kwenda Karamoja, kule Uganda, ilianzia wapi? MUMIAS. Wengi hawajui. Enzi za mfalme wetu Nabongo Mumia mji wetu ulikuwa stendi ya dunia, pembe za ndovu, Waswahili kutoka pwani, Wazungu, wote walipita hapo. Nairobi ilikuwa kinamasi.

Cheptoo wa Kapsabet:
Kwa hiyo unajivunia kwamba tembo waliuziwa mlangoni kwenu? Hongera.

Mwana wa Mumias:
Afadhali aliyeuza kuliko aliyeng'oa reli ya watu akatengeneza bangili.

Cheptoo wa Kapsabet:
Reli ilipita kwetu bila ruhusa, na kiongozi wetu Wanandi, Koitalel Samoei, alipigwa risasi 1905 akiwa amekuja kwenye mazungumzo ya amani. Umbali wa kusalimiana kwa mkono, si mita 800. Kama unataka kuzungumzia maadili ya risasi tuanzie hapo.

Mwalimu wa Kakamega:
Ndugu zangu, tafadhali. Nimemtaja Bell kwa ajili ya kaliba tu.

Kijana wa Section 58:
Kwani haya yote yanatuhusu nini? Moi alipiga marufuku uwindaji, kwisha.

Mwalimu wa Kakamega:
Si Moi. Marufuku ni ya 1977, Mzee Kenyatta akiwa hai. Moi ndiye aliyechoma pembe 1989, tani 12. Na inatuhusu, kwa sababu mara kwa mara wanajitokeza watu wakitaka uwindaji urudishwe, na hoja yao kubwa ni kwamba siku hizi teknolojia inaua "kwa usafi".

Mchanga wa Arusha:
Jamani, poleni kwa kuingilia. Huku kwetu uwindaji upo kwa kibali, na nimewahi kufanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji nikifuata nyayo. Mambo mawili. Kwanza, kwa nyati na tembo, chini ya .375, yaani milimita 9.5 hivi, hushiki bunduki. Pili, na hili ndilo linalowanyoosha wageni: ukimtoa mnyama damu, amehesabiwa. Apatikane asipatikane, unalipa. Kwa hiyo mwindaji bingwa anamwambia mteja sogea, sogea tena, egemeza bunduki kwenye miti yako mitatu, subiri ageuke ubavu. Nyati tunamtaka ndani ya mita 100. Mgeni wa kupiga kutoka mlima wa jirani angerudishwa kambini akanywe chai.

Mkulima wa Njoro:
Asante sana ndugu. Hili la kulipia damu sikulijua, na ndilo nililokuwa nalitafuta.

Kijana wa Section 58:
Wewe wa Arusha ndio utufundishe maadili? Tembo madume wa Amboseli, wenye pembe za kuburuta chini, waliokuwa wakifuatwa na watafiti tangu wakiwa ndama, si mliwapiga upande wenu wa mpaka, Enduimet, 2023 na 2024? Tena karibu karibu, na kaliba kubwa. Walikufa vizuri?

Mchanga wa Arusha:
Mdogo wangu, tembo hana pasipoti. Akivuka yuko Tanzania, na kibali kilikuwa cha Tanzania. Mimi binafsi nisingempiga tembo wa aina ile, nasema wazi. Lakini nilikuwa naeleza habari ya kaliba, hujanijibu hilo.

Kijana wa Section 58:
Pasipoti! Basi na ng'ombe wetu wakivuka mbona mliwapiga mnada?

Mchanga wa Arusha:
Hao ng'ombe walikuwa 2017 na hawakuwa na pembe za kuburuta chini.

Binti wa Milimani:
Nimecheka. Lakini Kijana ana hoja pia: tunapima umbali na milimita wakati swali langu ni kwa nini mtu aliyeshiba aue kabisa. Yule simba wa Zimbabwe, Cecil, 2015, alipigwa mshale kutoka karibu akakaa na kidonda saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Hakukuwa na mita 800 pale.

Fundi Darubini:
Asante. Kwa hiyo hata karibu wanaharibu. Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Binti wa Milimani:
Sijakuunga mkono, Fundi. Soma tena.

Mwalimu wa Kakamega:
Hata Wamarekani wenyewe hawakubaliani. Klabu ya Boone and Crockett, aliyoianzisha Roosevelt 1887, ni ya wawindaji watupu, nayo imesema kinagaubaga kwamba ukimpiga mnyama ili kupima bunduki yako inafika wapi, huo si uwindaji wa haki.

Fundi Darubini:
Klabu ya Roosevelt? Yule aliyekuja hapa 1909 na mwanawe Kermit, wakaangusha wanyama 500 na ushei katika safari moja? Huyo ndiye mwalimu wa maadili? Mimi sijawahi kuua hata sungura.

Mkulima wa Njoro:
Hujawahi kuua hata sungura?

Fundi Darubini:
Nalenga vibao. Nimesema mlenga shabaha.

Cheptoo wa Kapsabet:
😂😂😂

Mstaafu wa Pori:
Nimewasoma tangu jana bila kusema. Nilivaa sare ya porini miaka mingi, mwishoni nikiwa pande za Naivasha na Nakuru. Fundi, kijana wangu, sikiliza. Mnyama akipigwa kazi haijaisha, ndiyo kwanza inaanza. Unakwenda pale alipokuwa amesimama, unapiga goti. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu. Ukiona hiyo unashusha pumzi, hayuko mbali. Damu ya tumbo ni nyeusi, ina majani yaliyotafunwa, inanuka. Ukiona hiyo, unakaa chini unangoja, maana ukimkimbiza sasa hatalala, atakwenda hadi usiku. Na nyati mwenye jeraha la tumbo hakimbii tu. Anazunguka, anarudi kando ya nyayo zake mwenyewe, anajificha kichakani akungoje upite.

Sasa mtu aliyepiga kutoka ng'ambo ya bonde, kwanza ateremke, apande, nusu saa imekwisha. Akifika, kila kichaka kinafanana. Alisimama wapi? Hajui. Mara ngapi anasema "nimemkosa" na kumbe amempata tumboni? Kwenye video hamtaonyeshwa hizo.

Ja Dunga:
Mzee umenigusa. Huku ziwani tulikuwa na kiboko anakuja mashambani kila usiku. Wakaja watu wenye bunduki, ofisi siitaji. Jioni, jua linazama, kiboko yuko majini, masikio na pua tu. Wakapiga kutoka ufukweni kwa zile bunduki zao za kawaida. Akazama. Wakasema amekufa, ataelea kesho. Wakaondoka. Hakuelea. Siku ya nne alitoka na shimo hapa kwenye taya, limevimba, linatoa usaha, na kabla ya hapo alikuwa mla mahindi tu, sasa akawa anafukuza watu. Binamu yangu amevunjika mguu akimkimbia. Kwa hiyo mkijadili Montana, sisi ya kwetu iko hapa.

Mstaafu wa Pori:
Pole sana. Kiboko majini hapigwi hivyo. Kinachoonekana ni kidogo, maji yanarusha risasi, na fuvu ni zito. Unamngoja atoke nchi kavu, unasogea, unapiga kwa bunduki nzito. Kama hakuna bunduki nzito, usipige. Waliokuja walikuwa na haraka ya kurudi.

Binti wa Milimani:
Ja Dunga, huyo binamu alilipwa?

Ja Dunga:
Na nani?

Mwalimu wa Kakamega:
Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina fidia. Kifo milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Kiboko yumo kwenye orodha. Ilipotoka 2013 hata nyangumi alikuwamo.

Mwana wa Mumias:
Nyangumi? Kisumu?

Mwalimu wa Kakamega:
Sheria ni ya Kenya nzima, bwana. Mombasa ni Kenya.

Kijana wa Section 58:
Kupewa hiyo hela ni miaka. Jirani ya shangazi anangoja mpaka leo.

Mstaafu wa Pori:
Wengi wanakwama kwa sababu hawana ushahidi, wanaripoti mnyama ameshaondoka. Ja Dunga, chukua karatasi za hospitali za binamu, uende kituo cha wanyamapori kilicho karibu, uombe fomu ya madai. Itapelekwa kwa kamati ya kaunti. Na kwa mahindi pia, piga picha nyayo, weka kalamu kando ya unyayo ukubwa uonekane.

Ja Dunga:
Ng'ombe wamezikanyaga zote.

Mstaafu wa Pori:
Basi piga picha kinyesi. Kiboko hurusha kwa mkia, utakipata hadi kwenye majani ya juu. Hakuna ng'ombe anayefanya hivyo.