Oveni ya mama yazima nyumba nzima: tumbane nani, duka au fundi?

Kutoka: Mtoto wa Tudor, Leicester

Asalaam alaykum, hamjambo nyote.

Nina jambo lanikosesha usingizi, na aliyewahi kupitia kama hili naomba asininyamazie.

Mwaka huu nimemtengenezea mama jiko jipya nyumbani Tudor, Mombasa. Kabati mpya, meza ya graniti, na ndani ya kabati oveni ya umeme, ile ya kutumbukizwa. Oveni tuliinunua duka moja hapo mjini kwa shilingi 78,000. Mimi nilimtumia mdogo wangu pesa, yeye akaenda kulipa, risiti ikaandikwa jina lake. Fundi wa kuifunga alikuja siku hiyo hiyo ndani ya gari lililoleta mzigo, akachukua 6,000 zake kando kwa M-Pesa, kwenye simu yake mwenyewe. Akafunga, akawasha, taa ikawaka, feni ikazunguka, akaenda zake.

Usiku mama akatia mkate wa mayai. Dakika kumi hazijatimia, tap! Nyumba nzima giza. Kwa jirani taa zawaka. Mdogo wangu akapandisha swichi, oveni ikaanza kupata moto, tap tena. Mara tatu. Mkate ukatolewa umeinuka upande mmoja tu, mama akaumalizia kwa makaa juu na chini kama alivyozoea, wala hakusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililonichoma.

Asubuhi mdogo wangu akaenda dukani. Kwanza wakamwambia, "Hiyo ni stima ya nyumba yenu." Aliposhikilia, wakamwambia awatafute watengenezaji, Nairobi. Akazidi kushikilia, basi kijana wa dukani akamwekea kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikampigia mimi kutoka huku Uingereza, nikamwambia sisi huku mtu ana siku 30 za kurudisha kitu kibovu. Akacheka. "Bro, hizo ni siku za Ulaya. Hapa ni Mombasa."

Leo ni siku ya 19. Mama ameigeuza kabati la sufuria. Nishaurini.

Kutoka: Mswahili wa Cardiff

Wa alaykum salaam. Pole sana, na mpe pole mama.

Kijana kakujibu kwa kiburi lakini hakukosea. Siku 30 ni za sheria ya Uingereza ya 2015, ile Consumer Rights Act, na sheria hiyo yamshika muuzaji wa huku. Oveni imeuzwa Mombasa na mtu wa Mombasa, basi sheria ni ya Kenya. Ukienda na ya Leicester watakucheka kila siku.

Lakini kwa kuwa wengi humu tunakaa Uingereza na tunazitaja hizo siku 30 kama dua, nieleze kidogo, maana hata mimi nilikuwa sizijui vizuri mpaka yakanipata.

Nilinunua mashine ya kuoshea vyombo, duka likaja kuifunga lenyewe. Siku ya 24 nikaamka maji yako mpaka sebuleni. Dukani wakaniambia nipigie kampuni iliyoitengeneza. Nikakataa, nikawaandikia barua pepe: niliyemlipa ni nyinyi. Sheria ya huku iko wazi kwa hilo, anayewajibika ni muuzaji, waranti ya kiwanda ni nyongeza tu. Nikadai pesa zangu zote. Hapo ndipo nilipofundishwa. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, bomba ndilo lililofungwa vibaya. Kufungwa vibaya na muuzaji kunahesabiwa kama bidhaa kuwa na kasoro, ndiyo, lakini ile haki ya kurudisha na kuchukua pesa ndani ya siku 30 haihusiki na ubovu wa ufungaji peke yake. Hapo wadai kutengenezewa au kubadilishiwa. Wakishindwa mara hiyo moja, ndipo unaweza kukataa mali au kudai upunguziwe bei.

Mawili mengine, haraka. Kitu kikiharibika ndani ya miezi sita ya mwanzo, ni juu ya muuzaji kuthibitisha kwamba kilikuwa kizima alipokuuzia, si juu yako. Na ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000, benki inawajibika pamoja na duka, kwa kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974. Kadi ya kawaida ya benki haina hilo. Mke wangu hunicheka kwamba natembea na kadi ya mkopo kwa ajili ya kununulia friji.

Ya Mombasa nawaachia walioko Mombasa.

Kutoka: Bi Bondeni, Toronto

Mimi swali langu ni moja: huo mkate ulilika?

Kutoka: Mtoto wa Tudor, Leicester

Ulilika wote, Bi. Kuanzia upande ulioinuka.

Kutoka: Fundi wa Sharjah

Kakangu, kabla ya sheria tujue kwanza ugonjwa. Mimi kazi yangu ni umeme miaka mingi, nilianzia hapo hapo Changamwe.

Mwambie mdogo wako afungue mlango wa oveni atazame kibandiko cha chuma au cha karatasi ubavuni. Kuna namba yenye W mbele yake. Aitume. Pia aniambie, yule fundi aliichomeka kwenye soketi ya kawaida au alivuta waya wake mnene kutoka kwenye boksi la stima? Nauliza kwa sababu plagi yetu ni ya ampea 13, na stima yetu ni volti 240. Zidisha, unapata wati 3,120. Hapo ndipo mwisho wake. Oveni ikizidi hapo, haina ruhusa ya kuwa kwenye plagi.

Halafu, iliyokatika ni swichi gani? Kama ni ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, hiyo haikatiki kwa sababu umetumia stima nyingi. Yakatika kwa sababu stima inavujia mahali, yaingia kwenye bodi ya chuma ya oveni badala ya kurudi kwenye waya. Hiyo ni dalili nyingine kabisa.

Kutoka: Mtoto wa Tudor, Leicester

Kibandiko chasema 3400W. Iko kwenye soketi ya kawaida, ile ile ya friji, kwa ekstensheni. Na swichi ni hiyo yenye kitufe.

Kutoka: Fundi wa Sharjah

Basi una maradhi mawili, usiyachanganye, maana kila moja lina mwenyewe.

La kwanza: wati 3,400 juu ya ekstensheni pamoja na friji. Mwambie mdogo wako achomoe sasa hivi, sasa hivi, halafu aangalie plagi. Nina hakika plastiki imeanza kuwa kahawia kwenye miguu. Hilo ni la fundi.

La pili: koili. Ile koili ya kupashia moto ni bomba la chuma, ndani yake waya, na kati ya waya na bomba kuna unga mweupe wa kuzuia stima isitoke. Unga huo hupenda unyevu kama chumvi ya meza. Kitu kikikaa ghala la joto na unyevu kama la kwetu miezi na miezi, na mdomo wa koili haukuzibwa vizuri, unga unakunywa maji. Ukiwasha, stima inavuja. Miliampea 30 tu zikivuja, swichi inakata. Koili ikiwa imeshika unyevu tu, kuna wakati hukauka yenyewe ikipashwa polepole. Ikiwa na ufa, haiponi.

Jaribio la bure: waya ukishakuwa sawa, washa taa na feni tu. Ikikaa, washa moto wa juu peke yake. Ikikaa, washa wa chini. Itakapokata, umemkamata mwizi. Lakini msiishie hapo. Chukueni fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi ya Kenya, mwenye mashine ya kupimia uvujaji wa stima, apime, aandike kwa karatasi, atie jina, namba ya leseni na sahihi. Maneno ya "fundi alisema" dukani hayana kazi.

Kutoka: Shangazi wa Kizingo

Watoto wangu, niko hapa Mombasa, nilikaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, na macho yangu si ya kusoma simu siku hizi, kwa hivyo nitasema mara moja.

Huyo kijana wa dukani msimwogope. Kenya ina sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata mali na huduma za ubora unaostahili, na kulipwa fidia akipata hasara kwa ubovu wake. Kuna sheria ya uuzaji wa bidhaa, sura ya 31, ya tangu ukoloni, yasema ukinunua kitu kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo, kile kitu lazima kiwe cha kufaa kazi yake. Na kuna sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012. Hiyo haimruhusu mtu kukunyang'anya haki hizo kwa kuandika mstari chini ya risiti. "Hairudishwi" inaweza kumzuia aliyebadilisha mawazo juu ya rangi. Haimzuii aliyeuziwa kitu kibovu.

Lakini sheria yetu haina siku 30 zilizohesabiwa. Inasema muda wa kiasi. Ukikaa na kitu kimya, unahesabiwa umekikubali. Kwa hivyo mama atoe sufuria humo ndani leo. Sifanyi mzaha. Anayetumia oveni kuwa kabati ataulizwa kwa nini anaitumia mali anayoikataa.

Sasa, mwanangu wa Leicester, wewe huna kesi. Usikasirike. Risiti ni ya mdogo wako, aliyenunua ni yeye, atakayelalamika ni yeye. Wewe ulitoa pesa, hiyo ni baina yenu. Siku nyingine ukitaka kuwa mnunuzi, mwambie mwenye duka aandike jina lako na apokee malipo kutoka kwako.

Na huyu fundi. Kila duka hapa lafanya hivyo, fundi analipwa kando ili mambo yakiharibika aonekane mtu wa njiani. Nataka kujua nani alimwita, na kwa maneno gani. Nitafutieni ujumbe.

Kutoka: Mtoto wa Tudor, Leicester

Shikamoo Shangazi. Sufuria zimetoka. Ujumbe wa WhatsApp wa yule kijana kwa mdogo wangu, naunakili ulivyo: "Gari imetoka na fundi wetu yuko nayo mumpokee."

Kutoka: Shangazi wa Kizingo

Marahaba. "Wetu." Hilo neno moja lihifadhini kama dhahabu. Lipigwe picha, lichapishwe.

Fanyeni hivi. Mdogo wako aandike barua fupi ya madai, Kiswahili au Kiingereza, haina haja ya wakili: nilinunua tarehe fulani, kasoro ni hizi mbili, ripoti ya fundi hii hapa, fundi wenu ndiye aliyefunga na ujumbe wenu huu, nataka oveni nyingine au pesa zangu, na ninawapa siku saba. Nakala mbili. Moja wabaki nayo, moja waigonge muhuri na tarehe. Wakikataa kugonga, aitume pia kwa barua pepe na WhatsApp.

Wakinyamaza, kuna milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi, wala hulipi kulalamika. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, ya sheria ya 2016. Hapo madai hayazidi shilingi milioni moja, kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60, na mtu hujisemea mwenyewe. Mdogo wako asipoweza kufika, aweza kumwidhinisha mtu. Nimeona wauza duka wengi waliokuwa wakicheka dukani wakiwa wapole sana wakishapata samansi.

Kutoka: Mama Wawili, Birmingham

Samahani kuingilia. Mimi ndio nataka kupeleka jiko la gesi kutoka huku kwa kontena, ni bei nafuu sasa. Nikipata ubovu nitadai huku, si ndio?

Kutoka: Fundi wa Sharjah

Dada, usipeleke kabla hujauliza. Majiko mengi ya huko Uingereza hutoka yakiwa yamewekwa kwa gesi ya bomba la mtaani. Mombasa tunatumia mtungi. Zile pua ndogo za shaba ndani ya vichwa vya jiko zina matundu makubwa kuliko yanayotakiwa kwa mtungi. Ukiwasha, moto unaruka juu, rangi ya njano, sufuria zinakuwa nyeusi na moshi wake si salama. Lazima zibadilishwe, na si kila jiko lina pua zake za ziada.

Kutoka: Mswahili wa Cardiff

Na haki yako itabaki huku ilhali jiko liko Likoni. Utalirudisha kwa meli? Waranti za viwanda nazo kwa kawaida hazivuki mpaka. Nunua huko huko.

Kutoka: Mtoto wa Tudor, Leicester

Nimerudi na habari, siku ya 31.

Plagi ilikuwa kahawia kama alivyosema Fundi. Fundi mwenye leseni alikuja, akavuta waya mpya kutoka boksi la stima kwa 9,500, akapima. Moto wa juu mzima, koili ya chini inavuja, akaandika kila kitu. Mdogo wangu akaenda na barua. Kijana hakutaka kugonga muhuri. Akatoka mzee mmoja ofisini nyuma, akasoma, akafika kwenye picha ya WhatsApp, akamwangalia kijana, akamwambia, "Umeandika wewe hii?" Mdogo wangu asema kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko foleni ya feri.

Wamekubali kuibadilisha. Ya mpya inakuja Jumamosi na wataipima koili mbele ya mdogo wangu kabla ya kuondoka. Zile 6,000 za fundi wamesema tumdai fundi mwenyewe. Za waya hawataki kusikia. Shangazi, niwafuate kwa hizo 15,500 au niachie hapo?

Kutoka: Shangazi wa Kizingo

Kwanza oveni iingie ndani na risiti mpya iandikwe tarehe mpya. Mdogo wako asitie sahihi karatasi yoyote inayosema hana madai mengine. Jumatatu anipigie, nimpeleke mwenyewe masjala.

Kutoka: Bi Bondeni, Toronto

Na Jumamosi mama atie mkate wa sinia.